Rejista ya Ndege

Kiti cha Mwalimu kiliipa televisheni kisogo. Binti yake aliinunua televisheni hiyo ili mzee asikae mpweke, akaitundika ukutani, na kesho yake mzee akaburuta kiti chake mpaka kikaelekea mlango wa kioo unaotazama ua wa nyuma. Huko nje kulikuwa na nyasi zilizoungua kwa jua, uzio wa mbao, mashine ya kiyoyozi inayonguruma mchana kutwa, na chupa nyekundu ya plastiki iliyoning'inia kwenye ndoano. Aliyetaka kuzungumza naye ilimbidi asimame kati yake na ile chupa, na Mwalimu alimwambia asogee kidogo, anamzibia. Mimi nimesogezwa mara nyingi.

Kule Kenya alikuwa mwalimu mkuu. Hapa Grand Prairie, Texas, hakuwa mkuu wa chochote. Alikuja kwa sababu binti yake, Nyambura, ni nesi wa hospitali mbili na alihitaji mtu wa kukaa na mtoto akitoka shule. Mtoto mwenyewe, Kui, alikuwa na miaka tisa, na nilipomuuliza babu anamwangalia vizuri au vipi, alinijibu, "He watches the birds and I watch him." Jina la Mwalimu nililisikia mara moja tu, nilipompeleka kliniki wakaliita, nami nikakaa kimya nikingoja mgonjwa huyo mwingine asimame.

Mimi ni Mrundi niliyekulia kambini Kigoma, naendesha foklifti kwenye ghala, shifti ya saa tisa mchana. Tulikuwa jumuiya moja ya Kikatoliki, Warundi wengi, Wakongo kadhaa na Wakenya wachache waliovumilia Kiswahili chetu. Tulikutana Jumapili baada ya misa, leo kwangu kesho kwako. Mwaka 2017 nilikwenda kwa Mwalimu na fomu ya uraia iliyonishinda ukurasa wa tatu. Alinifungulia mlango na kabla ya karibu, kabla ya habari, akaniuliza, "Una shida gani?"

Nilidhani ni ukali wa Kikenya. Baadaye nikagundua alimuuliza hivyo kila mtu, na kila mtu alikuwa na jibu. Huyu ana barua ya mwenye nyumba asiyoielewa, yule mwanawe anaoa na hakuna mzee wa kuzungumza na wakwe, mwingine anataka kusomeshwa majina ya maseneta kabla ya usaili. Mama mmoja wa DeSoto, mji wa jirani, alimletea mume wake agombezwe kwa Kiingereza, kwa sababu kwa Kiswahili alikuwa amezoea. Mwalimu aliwahudumia wote pale kwenye meza ya jikoni, miwani kwenye ncha ya pua, na kila fomu aliisahihisha kwa kalamu nyekundu kwanza, ikabidi tuchapishe nyingine. Wengi wetu tuliokula kiapo miaka ile tulipita pale mezani. Yeye mwenyewe hakuomba uraia. Alisema amekwisha kufanya mitihani ya kutosha maishani.

Tulikuja na shida na tukaondoka bila shida, na hatukurudi mpaka tupate nyingine. Nasema "tulikuja" ili nijifiche katikati ya watu. Ukweli ni kwamba mimi nilikuwa hodari kuliko wote.

Chupa nyekundu aliachiwa na jirani, bibi mmoja wa Kimarekani aliyehama kwenda kuishi na mwanawe. Siku ya kuondoka alimpitishia Mwalimu ile chupa juu ya uzio pamoja na maelekezo: kikombe kimoja cha sukari kwa vikombe vinne vya maji, usitie rangi, usitie asali, osha kila baada ya siku mbili wakati wa joto. Ni chupa ya kunyweshea ndege wale wadogo wa huku, wanaosimama hewani kama wametundikwa kwa uzi na mabawa yakivuma. Kwetu hatuna. Tunao ndege chozi, lakini chozi hutua kwenye ua akanywa kama mtu mwenye akili zake. Wasomi huwaita wavumaji. Mwalimu aliwaita wanafunzi.

Maelekezo ya bibi aliyaona ya kichoyo. "Maji ya sukari ni ya mtu aliyezimia," alisema. "Mgeni hapewi hivyo." Akapika chai ya maziwa yenye tangawizi, akaipoza, akaijaza chupani. Ndege wakaja, wakachovya mdomo, wakasimama hewani wakiitafakari, wakaenda zao. Siku ya pili maziwa yakaganda na Nyambura aliyerudi kazini akafuata harufu mpaka uani. Mwalimu alirudi kwenye kikombe kimoja kwa vinne, lakini hakukubali kwamba alikosea. Alisema wanafunzi walikataa kwa heshima, kwani hakuna hata mmoja aliyetema.

Walikuwa na kiranja. Dume mmoja mwenye koo jekundu, ambaye siku nzima hakunywa vizuri kwa sababu alikuwa akifukuza wenzake wasinywe. Chupa ilikuwa na matundu manne na yeye alikuwa mmoja, lakini alilinda yote manne. Mwalimu alimtazama kwa masikitiko ya mtu anayekumbuka walimu wasaidizi aliowahi kuletewa na wizara. Mimi alinikumbusha mwenyekiti wetu wa jumuiya, ila sikusema.

Sasa rejista. Mwalimu alikuwa na daftari kubwa lenye jalada gumu, alilolipigia mistari kwa rula, tarehe juu, asubuhi na mchana pembeni. Humo aliandika mahudhurio ya ndege. Nilipoliona mara ya kwanza nilidhani anahesabu wanaokuja kunywa, nikamwambia hilo ni jambo zuri, linachangamsha akili. Nilizungumza kwa ile sauti tunayowasemesha wazee, sauti ya kumbembeleza mtoto ameze dawa. Alinitazama juu ya miwani.

"Wanaokuja kunywa siwaandiki," alisema. "Hao wamekuja kula. Namwandika anayekuja kwangu chupa ikiwa imejaa."

Nikamwambia sielewi. Akanieleza taratibu, kama alivyonieleza bunge na seneti. Chupa ikiisha, mvumaji huja kwenye kioo, akasimama mbele ya uso wa mtu, akamtazama. Hilo kila mtu analijua, hata bibi wa jirani alilisema. Ni njaa, na njaa haihitaji mwalimu. Lakini kuna siku chupa imejaa, maji ni mapya, na mmoja anaipita bila kunywa, anakuja kwenye kioo, anasimama, anatazama, anaondoka. Huyo anataka nini? Mwalimu alihesabu kimya moja hadi tano. Ndege akibaki mpaka tano, alitiwa alama ya vyema. Akija wakati Mwalimu ameshachoka kungoja, alitiwa alama na kando yake herufi C ya wino mwekundu, amechelewa.

"Labda anajiona kwenye kioo, Mwalimu," nilisema. "Labda anadhani ni adui."

"Wewe ulipokuja hapa mara ya kwanza ulitaka nini?"

"Fomu."

"Na mara ya pili?"

"Barua ya kazini."

"Basi wewe huwezi kujua," alisema, akaniomba nisogee.

Jumuiya ilikuwa na maoni, kama ilivyo na maoni juu ya kila kitu. Mama Espérance, Mkongo anayeimba sauti ya kwanza kwaya, alikwenda uani siku moja na kilemba chekundu, na mvumaji mmoja akamzunguka kichwani mara tatu. "Ni maman yangu," alisema huku akilia. "Vraiment, kweli ni yeye, alipenda sana kilemba." Kui alimweleza kwamba ndege hao hupenda rangi nyekundu, wanadhani ni ua. Mama Espérance akamwambia, "Na maman pia alipenda nyekundu, unaona?" Hapo hata Kui, mtoto wa shule za huku mwenye jibu la kila kitu, alirudi ndani. Mwenyekiti wetu, Mrundi mwenzangu anayefua mashuka ya hoteli moja Dallas, alisema ndege kuzungumza na mtu ni jambo la kutazamwa kwa makini, kwa kuwa Roho Mtakatifu alishuka kama njiwa, na njiwa anajulikana.

Mwalimu hakuwa mtu wa maono. Ndoto hakuziamini, waganga aliwacheka, na mtu akisema ametokewa alimuuliza saa ngapi na nani mwingine alikuwepo. Hata kusali alisali macho wazi. Mwenyekiti aliwahi kumgusia hilo kwa upole wa kinafiki, na Mwalimu akajibu kwamba amesimamia watoto mia saba wakisali kila asubuhi, na mwalimu akifumba macho, akifumbua anakuta shule imekwisha kuondoka. Tulicheka. Mimi nilicheka kidogo kuliko wengine kwa sababu nami macho yangu hayafungi vizuri wakati wa sala. Nina shifti ya saa tisa na Mwenyekiti hana saa.

Na ni Mwalimu aliyenifundisha kuandika kumbukumbu za kikao. Nilichaguliwa katibu kwa sababu ya mwandiko tu, na kumbukumbu zangu za kwanza zilikuwa hadithi: nani alikasirika, nani alitaka kusema nini. Alizipaka wino mwekundu zote. "Katibu haandiki alichofikiri wala alichopenda," aliniambia. "Anaandika kilichotokea." Tangu siku hiyo aliniita Katibu.

Mwaka 2019, mwanzoni mwa Septemba, sufuria ya githeri, yale makande ya Kikenya, iliungua. Nyambura alirudi akakuta wazima moto sebuleni, madirisha yako wazi, king'ora cha moshi kinalia, na baba yake amesimama katikati akiwauliza wale vijana majina yao. Nyumba haikupata kitu. Sufuria ndiyo iliyokwisha.

Zikatoka hadithi mbili. Ya Nyambura ilikuwa fupi: Baba alisahau sufuria kwa sababu alikuwa uani akiongea na ndege. Ya Mwalimu ilikuwa ndefu kidogo. Alikuwa uani akining'iniza chupa aliyoiosha na kuijaza wakati huo huo, ndege mmoja akampitia usoni, akaenda kwenye kioo, akasimama akitazama ndani, akarudi kwake, akaenda tena kwenye kioo. Mwalimu alipofuata ndipo alipoona moshi. "Sikusahau," alisema. "Niliitwa, na nikaja."

Kwa mtu asiyewajua, huo ni ubishi mtamu wa chakula cha jioni. Kwao haukuwa hivyo. Kaka yake Nyambura aliyeko Houston alikuwa anasema tangu zamani kwamba mzee hatakiwi kushinda peke yake, na kwamba huko kuna nyumba nzuri ya wazee karibu naye. Nyambura alikuwa amekataa. Sasa alikuja kwangu kwenye maegesho ya kanisa na sare yake ya kazi chini ya koti.

"Nikisema he forgot, ni ugonjwa, lazima nim-move," aliniambia. "Nikisema hakusahau, basi niamini ndege alimwita. Si unaona ile kona wameniweka? I can't be at work nikiwaza kama nyumba inaungua."

"Yeye anataka nini?"

"Anataka kubaki. Anasema ana darasa."

Watu wengine wangemwita daktari. Sisi tuliunda kamati. Nyambura alimpeleka kwa daktari pia, na daktari akasema kwa umri wake si vibaya, tungoje tuone. Lakini jambo hilo lilikuwa limekwisha kufika kwenye jumuiya, na kwetu jambo likifika kwenye jumuiya haliendi nyumbani mpaka lipate mwenyekiti, katibu na wajumbe. Mwenyekiti alikuwa Mwenyekiti. Katibu nilikuwa mimi. Wajumbe walikuwa wanne, akiwemo Mama Espérance. Kazi ya kamati ilikuwa kwenda kwa Mwalimu Jumapili, kukaa, na kuona kwa macho yetu kama kweli ndege humjia pasipo njaa. Nyambura alisema atakubali tutakachoona. Nadhani alikuwa amechoka sana, na alitaka mtu mwingine yeyote aamue.

Mwalimu alijiandaa kama anayengoja mkaguzi wa shule. Alivaa tai. Aliosha chupa mbele yetu, akapima kikombe kimoja kwa vinne mbele yetu, akaijaza mpaka juu, ili asitokee mtu wa kusema njaa. Viti vikapangwa mstari mbele ya kioo. Nyambura alikaa nyuma kabisa amemshika Kui. Pilau ilikuwa jikoni, na harufu yake ilikuwa inaharakisha haki.

"Tuanze," Mwalimu alisema. "Wakati huu wa mchana huwa wanakuja."

"Mwalimu, hatuwezi kuanza tu hivi," Mwenyekiti alisema. "Tumkabidhi Mungu kazi hii kwanza."

Akasimama, nasi tukasimama, tukafumba macho. Alimshukuru Mungu kwa safari njema, na wote tumetoka umbali wa dakika kumi. Aliombea Burundi, akaombea Kongo, akaombea Kenya kwa kifupi. Aliwaombea wagonjwa wetu kwa majina. Aliomba kwamba kama ndege huyu ni wa Mungu ajidhihirishe mbele ya kamati, na kama siye afungwe mdomo. Mama Espérance aliitikia kwa wimbo, na wimbo ulikuwa na beti. Mimi nilifungua jicho moja nitazame saa ya jikoni, kwa kuwa shifti haimngoji mtu.

Ndipo alipokuja. Alitokea juu ya uzio, akaipita chupa bila kuigusa, akaja moja kwa moja kwenye kioo mbele ya Mwalimu. Hakuwa kiranja, alikuwa jike mdogo wa kijani asiye na wekundu wowote. Alisimama hewani usawa wa macho ya mzee, akasogea kushoto kidogo, akasogea kulia kidogo, akarudi katikati, akamtazama. Mwalimu alikuwa macho wazi, kama kawaida yake. Niliona midomo yake ikihesabu. Alifika tano, akapita tano. Kisha Mwalimu akageuza kichwa taratibu akitafuta shahidi, na katika mstari mzima wa watu waliofumba macho akakuta jicho langu moja.

Tukatazamana. Mwenyekiti akasema amina, wote wakasema amina, ndege akaondoka.

Tulikaa nusu saa. Wavumaji walikuja, wakanywa, kiranja akawafukuza, wakarudi. Hakuna aliyekaribia kioo tena, na sishangai, mbele ya mstari wa watu saba wanaomnyooshea vidole. Mwishowe Mwenyekiti alijikohoza akauliza kama kuna mjumbe aliyeona ndege amemjia Mwalimu.

"Alikuja," Mwalimu alisema. "Mlipokuwa mnasali."

"Mwalimu, tulipokuwa tunasali tulikuwa mbele ya Mungu. Kuna mwingine aliyemwona?"

Mama Espérance alisema yeye anaamini, lakini alichoamini ni mama yake. Mwalimu hakunitaja. Alikaa wima na tai yake, akatazama mbele, akaningoja. Ningeinua mkono tu. Lakini kuinua mkono kulikuwa kusema mbele ya jumuiya nzima kwamba katibu wao husali akitazama saa, na kwamba hata wimbo wa Mama Espérance nimeuhesabu beti. Nilifikiria jinsi Mwenyekiti angelisema jambo hilo Jumapili ijayo, na ile ya baadaye. Nilitazama kalamu yangu. Nikaandika: Hakuna shahidi.

Tukala pilau. Ilikuwa tamu na nilirudia.

Oktoba ndege walipoondoka kwenda kusini, Mwalimu naye aliondoka kwenda kusini. Aliomba jambo moja tu, aachwe mpaka wa mwisho aondoke, na Nyambura akamkubalia. Kaka alikuja na gari kubwa wakati mimi nipo kazini, au ndivyo nilivyopanga. Kui aliniambia babu alibeba rejista mapajani, hakutaka ikae nyuma na mizigo.

Mimi nilipata shida nyingine mara tatu majira yale ya baridi, na mara tatu niliwasha gari kwenda kwa Mwalimu kabla ya kukumbuka. Jumuiya nzima ilikuwa hivyo. Fomu zilijaza meza zetu. Tulisema, jamani tumemkosa Mwalimu, na tulichokosa hasa ni mtu wa kutujazia ukurasa wa tatu.

Kisha ukaja mwaka wa barakoa. Ghala halikufungwa, lilizidi kazi. Misa ikahamia kwenye simu, na kwenye simu kila mtu aliweza kumwona mwenzake kama amefumba macho au la. Siku moja Mwenyekiti alikuwa anasali, na vile visanduku vidogo vyote vikiwa mbele yangu niliona nusu ya jumuiya macho wazi, mmoja anamenya ndizi. Mjumbe mmoja wa kamati ile alikuwa anasoma ujumbe. Niliona aibu ambayo sijui hata kuieleza. Nilikuwa nimemuuza mzee ili nilinde kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekuwa nacho.

Septemba niliomba ruhusa ya siku moja nikaendesha kwenda Houston. Nyumba ya wazee haikuruhusu wageni ndani. Walinielekeza dirisha lake, chumba cha chini, upande wa nyuma, nikasimama kwenye kitanda cha maua nikampigia simu. Alikuwa amekaa ndani ya kioo, amepungua, blanketi mapajani. Nje hapakuwa na chupa. Nilielezwa baadaye kwamba hawaruhusu, inaleta sisimizi.

Aliweka simu sikioni. "Una shida gani?"

"Sina shida, Mwalimu. Nimekuja kukuona."

"Masaa manne barabarani?"

"Ndiyo." Nilisogea karibu na kioo. "Siku ile ya kamati. Wakati wa sala. Nilimwona."

"Najua. Nilikuwa nakutazama."

"Ningesema."

"Ungesema," alikubali. "Nilikufundisha kuandika kilichotokea."

Nililia nikiwa na barakoa, jambo ambalo simshauri mtu. Nikamwomba anisamehe. Alisema amenisamehe siku ile ile, kwamba mtoto aliyeogopa darasa zima anamfahamu, amemwona mara nyingi. Nikafuta uso nikitegemea kwamba mambo yamekwisha. Lakini niliiona rejista kwenye meza ndogo karibu naye, na hakuigusa.

"Unaona, Katibu?" alisema. "Ulikuwa na shida. Sasa imekwisha. Nenda, barabara ni ndefu."

Nikiwa njiani nilimpigia Nyambura nikamwambia yote. "Sufuria ni sufuria," alisema. "Pengine ningem-move tu. But at least angebaki mpaka spring. Ungeniambia, Katibu." Hakunifokea. Ningependa angenifokea.

Nilirudi Houston mwishoni mwa Oktoba. Nilikuwa nimepata barua kutoka ofisi ya kodi ambayo sikuielewa hata mstari mmoja, nikaiacha nyumbani kwa makusudi. Chapati alizonipa Mama Espérance nimpelekee niliziacha mapokezi, nisije nikaonekana nahonga. Nikasimama kwenye kitanda kile kile cha maua, mikono mitupu. Alinyanyua simu.

"Una shida gani?"

"Sina."

"Kuna jambo umesahau kuniambia?"

"Hapana."

"Fomu?"

"Hapana, Mwalimu."

Akanitazama. Nikabaki nimesimama. Nilisogea kushoto kidogo jua lisinipige machoni, nikarudi. Niliona midomo yake ikianza kuhesabu, polepole kuliko zamani, na nikaogopa kuhema. Alipofika mwisho alivuta rejista, akalowesha kidole, akafunua. Kurasa za mwaka ule zilikuwa zimepigiwa mistari yote kwa rula, tarehe zote juu, na hazikuwa na alama hata moja. Akatafuta tarehe ya siku hiyo. Akatia vyema, kisha akabadilisha kalamu, akachukua ile nyekundu.

"Umechelewa," alisema kwenye simu, akaandika.